Mwenye Nyeupe Anatoka

Kama una binti, na ulimnunulia ule mchezo wa arusi wenye boksi la bluu kwenye duka la Arbia hapa Iftin, nakuomba jambo. Ligeuze boksi. Chini kabisa, pale palipoandikwa kanuni, kuna mstari unaosema: Mwenye nyeupe anatoka mkekani. Chukua kalamu uukate. Ukate vizuri usisomeke. Huo mstari ni wangu mimi, Deka, na kila nikikutana nao uso unaniwaka.

Na yale maandishi makubwa ya juu, Mchezo wa kale wa mabibi zetu, nayo yakate ukipenda. Mabibi gani? Bibi yangu mimi alikuwa nyuma ya ngamia tangu alfajiri, huo muda wa kucheza arusi angeutoa wapi. Hayo ni maneno ya Arbia. Alisema watu wanapenda kitu cha zamani, nami nikaitikia kwa sababu nilitaka boksi litoke dukani.

Ukweli ni kwamba mchezo ulitoka Rhamu, na aliyetuletea ni Saynab. Saynab ni mke wa shemeji yangu. Mimi nimeolewa na Bishar, yeye aliolewa na Abdiqani, mdogo wake Bishar, na tangu tuolewe tunakaa ua mmoja, jiko letu moja na kamba ya kuanikia nguo moja. Alipokuwa msichana mdogo huko Rhamu kulikuwa na mhandisi wa visima, mgeni wa kutoka mbali, aliyekuja na familia yake. Walipohama waliacha vitu vingi, na kati ya hivyo kulikuwa na boksi la mchezo wa watoto wao. Ubao wa mviringo, mshale wa kuzungusha, na mapambo ya plastiki: mikufu, bangili, herini, pete, na taji moja. Unazungusha mshale, unasogea, unavaa ulichokiangukia. Anayemaliza mapambo yote na kuvaa taji ameshinda. Ila kuna pete moja nyeusi. Ukiwa na hiyo kidoleni, hata uwe umevaa dhahabu ya dunia nzima, huhesabiwi.

Haya alikuwa akinisimulia tukikaanga sambusa, na tulicheka mpaka mafuta yakaungua. Mshale ulivunjika mapema, yeye na wenzake wakawa wanarusha kokwa za tende. Ile pete nyeusi ilimezwa na mbuzi, wakamfuata huyo mbuzi kutwa nzima wakingoja, na hawakuipata. Taji ndilo lililowatatiza zaidi. Wote waliliangalia wakauliza hili ni la nini, maana hakuna aliyewahi kuona bibi arusi wa Rhamu na taji. Kwetu bibi arusi hufungwa shaash, kile kitambaa cha kichwa cha mke wa mtu. Wanawake humkusanyikia wiki ya arusi ikiisha, wakamfunga, na tangu hapo kila anayemwona anajua huyu ana kwake. Basi taji wakalitupa, wakaweka shaash. Na mahali pa pete nyeusi Saynab akaweka kipande cha kitambaa cheupe.

Nyeupe kwetu si ya arusi. Nyeupe ni ya mjane. Mume akifa, mke huvaa nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, miezi minne na siku kumi, hakuna hina, hakuna dhahabu, hakuna udi, mpaka eda iishe. Mtoto wa Rhamu hakuhitaji kuelezwa hicho kitambaa ni cha nini.

Lakini sikiliza kanuni ya Saynab. Aliyeangukia nyeupe hatoki. Anakaa katikati ya mkeka na nyeupe yake mapajani, na kila mchezaji, zamu yake ikifika, anavua kitu kimoja mwilini mwake anampa. Wote wakishampa, anaweka nyeupe chini na mchezo unaendelea. Hivyo ndivyo alivyowafundisha binti yake Ayan na binti yangu Hani, kwenye ubao aliouchora juu ya boksi la pasta, na walicheza hivyo muda mrefu bila kugombana.

Mimi nina cherehani. Nashona madera, na mabaki ya vitambaa yamejaa chini ya meza yangu. Siku moja nikawashonea watoto mkeka wa mchezo wa kitambaa, na videra vya kuvalia juu ya nguo, na vishaash vya hariri vyenye nyuzi za pembeni. Ikapendeza, siwezi kusema uongo. Watoto wa jirani wakaanza kujazana uani kwetu. Arbia akapita kuchukua dera lake, akaona, akasimama. Arbia hasimami bure. Kabla hajanywa chai yake yote tulikuwa tumeshakubaliana: mimi nishone, yeye auze.

Yeye ndiye aliyekuja tena na malalamiko ya wateja. Mchezo hauishi. Mtoto anakaribia kushinda, mwenzake anaangukia nyeupe, basi inabidi ampe bangili, na kilio kinaanza. "Mteja anataka mchezo uishe kabla ya Magharibi," Arbia alisema. "Aliyepoteza apoteze, akae pembeni." Nilikubali hata hajamaliza. Niliandika ule mstari kwa mkono wangu, wenye kuchapa maboksi wakauchapa.

Saynab nilimwambia jikoni, kwa kupitia tu, nikiwa naosha vikombe. Aliacha kukata vitunguu. "Lakini abaayo," akasema, maana tunaitana dada, "hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yenyewe."

Nikamjibu, "Ni mchezo tu, Saynab."

Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye vitunguu vyake. Mimi nina mdomo, sikatai, na mtu akininyamazia huwa nadhani nimeshinda.

Haikupita muda, Abdiqani akafa. Alikuwa anarudi na lori la ng'ombe kutoka upande wa Lafey, lori likapinduka, na tukaletewa habari wakati wa Adhuhuri. Sitasimulia hiyo siku. Saynab akaingia chumbani kwake, akatoka amevaa nyeupe, na nilipomwona hivyo nilimkumbatia nikalia kwa sauti, nikamwambia mimi niko, sitakuacha, ua huu ni wako. Niliyasema mbele ya watu, na wallahi nilikuwa namaanisha.

Halafu shule moja ikaagiza maboksi mengi ya sikukuu. Nikaketi kwenye cherehani. Chumba changu na cha Saynab vinagawanywa na ukuta mmoja, basi wanawake waliokuja kukaa naye walikuwa wakisikia mashine yangu inakwenda, na yeye akiisikia wakishaondoka. Chakula nilikuwa nampelekea, sikumwacha na njaa. Nilimpa Hani sahani nikamwambia mpelekee mama mdogo. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema kesho. Nikimaliza hizi pindo, kesho nitakaa naye. Nikimaliza hivi vishaash.

Kaka yake Saynab, Mohamednoor, akapiga simu kutoka Rhamu. Alitaka eda ikiisha aje amchukue dada yake na mtoto, warudi kwao. Bishar hakutaka. Alisema Ayan ni damu ya ndugu yake na hapa ndipo kwao. Mimi ndiyo kabisa sikutaka, kwa sababu katika huu ua mtu wangu ni Saynab. Bishar ni mume, lakini wa kuniambia nimekosea na nikamsikiliza ni mmoja tu. Saynab hakubishana na yeyote. Alisema, "Nitamwangalia mtoto. Mahali Ayan atakapotulia, nitakaa hapo." Kwa hiyo kila kitu kikawa kimebebwa na msichana wa darasa la pili, na sisi tulijua, na bado mimi nikaendelea na pindo zangu.

Ayan alibadilika. Alikuwa hakosi mkekani, sasa akawa anasimama mlangoni anawatazama wenzake wakicheza. Mwenzake akiangukia nyeupe na wote wakiimba "toka, toka", maana watoto ukiwapa neno kama hilo lazima walifanye wimbo, yeye anaingia ndani kwao. Nikadhani ni huzuni ya baba. Siku nyingine akaja kusimama kando ya cherehani yangu. Nilikuwa na pini mdomoni.

"Eeddo," akasema, kama anavyoniita mimi shangazi yake, "yule anayetoka anaenda wapi?"

Sikunyanyua hata kichwa. Nikasema kwa kando ya mdomo, "Anaenda kwao."

Akaondoka. Nikachukua kishaash kingine.

Sasa ile siku. Nilikuwa nimeloweka nyuzi za pembeni kwenye beseni la rangi, ile rangi nyekundu ya unga, nikaliacha kivulini chini ya kamba. Saynab alikuwa na seti mbili tu za nguo nyeupe. Moja alikuwa ameifua asubuhi ikaning'inia kambani, na baada ya Alasiri akaingia kuoga, akaivua ile nyingine akaiacha nje ya bafu kwenye karai, aifue akitoka. Alikuwa amejipanga vizuri, kwa sababu wanawake walikuwa wanakuja kumsomea dua.

Wanawake wakaja. Arbia mbele, wengine nyuma yake, wakavua viatu, nikawatandikia mkeka uani. Nikaenda kuchukua thermosi ya chai jikoni. Nilipotoka nikamwona Ayan amechutama kwenye beseni langu, mikono myekundu hadi kwenye viwiko, anazamisha kitambaa kwa nguvu kama mtu anayekanda unga. Kando yake karai lilikuwa tupu. Kamba ilikuwa tupu.

Nililiona vazi kabla sijamwona mtoto, hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza. Niliona nguo ya mjane imekuwa ya waridi, na wanawake wameketi pale, na Arbia ana macho mawili na mdomo usiokuwa na kifuniko. Niliona yatakayosemwa: kwamba kwa kina Deka mjane anavaa rangi, hata eda haijaisha. Nikaweka thermosi chini.

"Naa Ayan," nikasema, na sauti yangu naijua, inafika barabarani. "Una akili wewe? Unataka mama yako aaibike mbele za watu? Unajua nguo ile ni ya nini? Baba yako hajakauka kaburini, unachezea nguo za eda? Nani amekufundisha adabu hii?"

Nilimshika mkono nikamvuta aje mbele ya wale wanawake, ili waone kwamba mimi si mtu wa kuacha mambo. Rangi ilinichafua kiganja. Ayan hakulia. Alinitazama usoni moja kwa moja.

"Wewe eeddo," akasema.

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye umefundisha. Umesema mwenye nyeupe anatoka. Umesema anaenda kwao. Hooyo ana nyeupe." Alipomtaja mama yake akautazama mlango wa bafu. "Mimi sitaki atoke."

Nilitaka kusema ni mchezo tu. Neno lilinijia mdomoni lenyewe, limezoea njia. Hani wangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, akasema kwa upole kabisa, bila ubaya wowote, "Kweli hooyo, imeandikwa kwa boksi." Halafu akaongeza, "Amefunga hata mkoba wake. Ameweka viatu vya shule, kama mtawatoa usiku."

Hata Arbia alikuwa anaangalia mkeka. Nilikuwa bado nimemshika mtoto mkono na nikashindwa kujua niuachie vipi. Ningeuachia ghafla ingeonekana nimekiri, ningeendelea kuushika ningekuwa namshikia nini?

Mlango wa bafu ukafunguka. Saynab alikuwa amesikia yote, mabati yale hayazuii kitu. Alikuwa amejifunga shuka ya kitanda, akanyoosha mkono, akasema, "Ayan, niletee nguo yangu."

"Ina rangi, hooyo."

"Niletee."

Ayan akaitoa kwenye beseni, akaikamua kwa vile vimikono vyake, akampelekea. Saynab akaufunga mlango, akatoka amevaa ile nguo mbichi ya waridi yenye mabaka, inamdondokea miguuni, maji yanaacha alama nyekundu kwenye saruji. Mwanamke mmoja akaanza, "Lakini Saynab, katika eda, rangi..."

"Mungu anajua kama hili ni pambo," Saynab akamjibu. Akaketi kwenye mkeka, akamweka Ayan mapajani, mtoto mkubwa, miguu inaburura. Akazungumza naye kana kwamba sisi hatupo.

"Nikwambie ile kanuni niliitoa wapi? Baba yangu alipokufa mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe. Mama yangu akavaa nyeupe, mimi nikaogopa kumkaribia. Nilidhani akinishika nami nitakuwa mweupe. Basi wanawake wa Rhamu wakawa wanakuja. Huyu analeta maziwa, huyu anavua kanga yake anamfunika mama akilala, mwingine hana kitu, anamchana nywele tu. Na siku ya kuvua nyeupe kila mmoja alikuja na kitu chake alichokivaa yeye mwenyewe, si kipya, chake, akamvisha. Mama akatoka pale amevaa Rhamu nzima. Niliona kwa macho yangu. Mimi nilipokuwa natengeneza mchezo nikasema hivyo ndivyo inavyochezwa. Mwenye nyeupe anakaa. Sisi ndio tunamwendea."

Ayan akauliza, "Sasa kwa nini eeddo aliandika vile?"

Saynab hakunitazama. "Alikuwa na haraka," akasema.

Angenitukana ningepata cha kujibu. Alikuwa na haraka. Ndiyo, nilikuwa na haraka, na kila aliyekaa pale alikuwa ameisikia hiyo haraka yangu ukutani, wiki baada ya wiki, taratata taratata, wao wakisoma dua. Nilikwenda jikoni nikasimama nyuma ya mlango nikalia na kiganja chekundu mdomoni. Nilisikia Arbia anawamiminia wenzake chai, kazi iliyokuwa yangu.

Siku ya pili nilikwenda dukani kwa Arbia kurudisha maboksi yaliyobaki. Nilidhani atagomba. Alinisaidia kuyabeba, akasema na yeye ule mstari aliutaka, tusibebeshane lawama. Yale yaliyokwisha kuuzwa ndiyo hayo ninayokuomba ukate. Shule nikawaambia wangoje. Zile nguo za Saynab nilizifua kwa dawa, nikazianika juani, nikazifua tena, na waridi haikutoka yote. Ikabaki kidogo, ukiikaribia unaiona. Nilitaka kumshonea nyeupe mpya. Akasema hizi zinatosha.

Nikaifunika cherehani. Nikaanza kuketi naye. Siku za kwanza, niseme wazi, ilikuwa tabu. Mimi sijui kukaa na mtu bila kuongea, na kila nililofungua mdomo kulisema lilikuwa linanitetea. Basi nikamchana nywele. Nikamletea maziwa mimi mwenyewe, si kwa mkono wa Hani. Saynab alinipokea, hakunifukuza, akawa ananiambia asante abaayo, kwa adabu, kama anavyomwambia mgeni. Nilimwomba msamaha akasema amesamehe. Nilimwomba Ayan msamaha, nikachutama kabisa ili macho yetu yalingane, naye akasema sawa eeddo, akapita pembeni yangu. Mkoba wake ulibaki umefungwa mlangoni. Kila asubuhi nilikuwa nautazama kabla sijatazama kitu kingine. Asubuhi anatoa viatu vya shule, jioni anavirudisha ndani, anafunga zipu.

Eda ikaisha. Mohamednoor alifika usiku wa kuamkia siku hiyo, akalala kwa ndugu, na asubuhi gari lake likasimama langoni kwetu. Mizigo ya Saynab ilikuwa imepakiwa tayari juu, kwa sababu kaka yake hakutaka jua limkute njiani. Saynab hakuwa amesema anakwenda wala anabaki. Bishar alikuwa anazunguka gari akiyatazama magurudumu, mtu asiyejua chochote kuhusu magurudumu.

Wanawake walikuwa wamemwogesha, wamemfukiza udi mpaka ua wote ukanukia. Alitoka chumbani amevaa dera jipya na juu yake ule mtandio mweupe wa mwisho, ule wenye mabaka ya waridi. Kila mtu alikuwa na kitu chake. Hawakununua. Yale maneno ya siku ile yalikuwa yamewaingia; nilimwona Arbia amevaa mkufu wake wa dhahabu wa kila siku, anaushikashika, na nikajua hautarudi shingoni mwake. Mimi nilikuja na shaash yangu. Ile niliyofungwa mwenyewe nilipoolewa. Nilikuwa nimeificha kifuani, sikuwa na hakika kama nitaruhusiwa kuitoa.

Saynab akauvua ule mtandio. Akatafuta pa kuuweka, hapakuwa na meza, na aliyekuwa karibu ni mimi. "Nishikie, abaayo," akasema, akaniwekea mikononi.

Wakaanza kumvisha. Mkufu wa Arbia, bangili ya huyu, mtandio wa yule. Nikavuta shaash yangu kwa mkono mmoja, nikampa, akainama kidogo nimfunge lakini mikono yangu ilikuwa na ule mweupe, basi mwingine akamfunga. Sikulalamika. Nikarudi nyuma, nikasimama.

Ndipo Ayan akatoka ndani na mkoba mgongoni. Akamtazama mama yake alivyopendeza, akatabasamu. Halafu akaniona mimi.

"Eeddo ana nyeupe," akasema.

Wanawake wakageuka. Mtu mmoja akataka kucheka akajizuia. Nikasema, "Ndiyo, Ayan. Ninayo."

"Basi kaa."

"Wapi?"

Akanionyesha kwa kidole katikati ya mkeka.

Mimi ni mwanamke mzima, mama wa watoto, nilikuwa nimevaa dera langu zuri, na Bishar na Mohamednoor wanaona kutoka langoni. Nilikwenda nikaketi katikati ya mkeka na nyeupe mapajani, wanawake wote wamesimama juu yangu. Niliangalia chini. Sijui kama nimewahi kuonwa na watu kiasi kile.

Ayan alikuja mbele yangu. Akavua bangili yake, ya plastiki, ile ya kutoka kwenye boksi langu mwenyewe, akanivisha. Ni ya mtoto, ilikwama kwenye vifundo vya vidole. Akasukuma, akashindwa, akaiacha hapo hapo. Kisha akawageukia wenzake kama mwalimu anayengoja darasa. Hani akaja na herini. Arbia hakuwa amebaki na kitu, akachomoa pini kwenye mtandio wake akanichomekea begani. Wakaja wote, mmoja mmoja, na kila aliyeinama nilishindwa kumtazama.

Akabaki Saynab. Alichokuwa amevaa chote kilikuwa amepewa muda huo huo, si chake cha kutoa. Akasimama akafikiri. Kisha akanyanyua uso kuelekea langoni.

"Mohamednoor," akaita, "zima gari, uje unywe chai. Na umwambie Bishar ashushe mizigo."

Nikasikia injini inazimwa. Ayan akavua mkoba mgongoni, akautupa mlangoni, zipu ikiwa wazi, kiatu kimoja kikatoka nje.

"Umepewa na kila mtu," akaniambia. "Sasa unaweza kuiweka chini."

Sikuiweka upesi. Nilijifunika nayo uso kwanza, na hakuna aliyeniharakisha.